Sikuwa Darasani Siku Hiyo

Nilikuwa katika duka la dawa za mifugo hapa mjini Eldoret, nikibishana na mwenye duka kama chumvi yake ya ng'ombe ni ya mwaka huu au ya mwaka jana, simu ilipolia. Namba sikuitambua. Sauti ya mwanamke ikanisalimu, "Habari ya asubuhi, Madam," kisha ikaniuliza kama nimeketi, na mtu wa umri wangu akiulizwa hivyo hahitaji kuambiwa mengi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametutoka. Kifua kilimsumbua kwa majuma kadhaa, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mara hiyo ya pili hakurudi nyumbani. Aliyenipigia ni mwanafunzi wetu wa zamani. Mimi humwita msichana hadi leo, ingawa ana watoto wawili na kazi yake ni kupima mashamba, kazi ambayo katika kaunti yetu inataka mtu mwenye moyo mgumu. Alisema waombolezaji wanakutana kila jioni nyumbani kwa marehemu mpaka mwili usafirishwe kwao ziwani, na kwamba mjane ameomba nifike, niseme maneno mawili matatu. Nikajibu kwamba nitafika. Nililipia chumvi nikaondoka, na nilikuwa nusu ya njia nilipogundua kwamba nimeiacha palepale kaunta.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba mimi siandiki tanzia. Nimewahi kusema hapahapa kwamba tanzia nyingi za magazetini ni uongo uliovalishwa suti, na barua za kunilaumu zikaja kwa wingi. Leo naandika kwa sababu siwezi kutulia. Tangu simu ile nakaa nainuka, nachemsha chai naisahau mekoni, naanza sentensi naifuta. Sababu naitaja mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba namlilia rafiki wa kufa na kuzikana. Hatukuwa marafiki wa namna hiyo. Tulifanya kazi pamoja miaka sita, tukagombana karibu kila juma, na mwaka ule ambao mji huu uliwaka moto baada ya uchaguzi niliulizwa swali moja kumhusu mtu huyu, mbele ya watu, nikalijibu vibaya. Sikusema uongo. Laiti ningesema uongo, ningekuwa nimetubu zamani.

Tulikutana katika shule ya upili nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Ziwa, kituo cha biashara kisicho na ziwa lolote, ambako ndiko kwetu. Mimi nilifundisha historia, yeye hesabu. Mkuu wa shule wa wakati huo alikuwa mtu wa mawazo mengi, na siku moja akarudi kutoka semina akiwa na wazo jipya: wanafunzi wanaopenda historia wanaiogopa hesabu, wanaoipenda hesabu hawawezi kuandika aya moja ya maana, kwa hiyo kidato cha tatu na cha nne wawe na kipindi cha pamoja kila Alhamisi, walimu wa masomo hayo mawili wakisimama mbele ya darasa moja kwa wakati mmoja. Katika chumba cha walimu tulicheka mpaka chai ikatupalia. Mkuu akatusubiri tumalize, kisha akatuteua sisi wawili, labda kwa sababu ndio tuliocheka zaidi. Kwenye ratiba kipindi kiliandikwa "Pamoja". Wanafunzi, ambao hawana adabu, wakakiita "Ndoa".

Ndoa yenyewe ilikuwa ya makelele. Yeye alikuwa mtu wa ziwa halisi, la samaki, mrefu, mwenye sauti nzito, na "sh" haikupata kukaa mdomoni mwake hata siku moja. Shule kwake ilikuwa "sule" na shida ilikuwa "sida". Mimi sina haki ya kumcheka, maana kwetu "b" na "p" hupokezana zamu zinavyotaka. Kilichoniudhi kwake kilikuwa kingine. Niliwapa wanafunzi insha kuhusu sababu za Vita Vikuu vya Kwanza, na kwa kuwa kipindi kilikuwa cha pamoja, naye akadai haki ya kusahihisha. Insha bora kuliko zote, ya kiranja wa darasa, akaipa alama mbili kati ya ishirini. Nilimfuata hadi mezani kwake nikiwa nimefura. Hakuinuka. Akanisogezea karatasi, akaweka kidole penye sentensi moja iliyosema kwamba vita vilizuka kwa sababu ya uhasama baina ya mataifa.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu ametoka kwa swali akaruka mpaka kwa jibu. Working iko wapi? Aonyese kazi. Nani alimwendea nani? Alibeba nini mkononi?"

Nilimwambia kwamba historia si kugawanya machungwa. Akasema ndiyo, machungwa hayauani, na hiyo ndiyo sababu historia inahitaji kazi zaidi. Tukabishana mpaka kengele ikalia. Lakini alasiri ile nilirudi na insha zote mezani kwangu, nikazisoma upya kwa jicho lake, nikaona kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kumeza neno moja na kuliita maelezo. Kesho yake nilimnunulia mandazi wakati wa chai. Sikumwambia ni ya nini, naye hakuuliza, akala.

Upande wake wa ndoa ulikuwa grafu. Chochote cha historia kilichoweza kuwekwa kwenye karatasi ya miraba alikiweka: mavuno ya mahindi, miaka ya ukame, urefu wa reli. Na alichukia uchafu. Wanafunzi wetu walikuwa na kalamu za bei rahisi zinazovuja na penseli walizochonga kwa wembe. Wakitia alama kwenye grafu walikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, na mstari ukazama katikati ya vidoti vinene. Yeye alitaka vialama vidogo vya msalaba, vyembamba, safi. Basi alikuwa akipita kati ya madawati mikono nyuma, anainama, anakagua, na wimbo wake ulikuwa mmoja. "Grafu si chui. Ondoa madoadoa." Kila Alhamisi, kila darasa, ondoa madoadoa. Wanafunzi walimwigiza mabwenini, wakamwita kwa neno hilohilo, naye alilijua jina lake akalivumilia. Neno lenyewe lilikuwa limeshasemwa majukwaani tangu chaguzi za nyuma, na kila mtu mzima wa huku alijua maana yake likitoka kinywani mwa mwanasiasa: madoadoa ni majirani waliohamia, na kuyaondoa ni kuwafukuza. Lakini kwetu darasani lilikuwa neno la penseli. Neno moja laweza kukaa katika nyumba mbili kwa miaka bila wenye nyumba kujuana. Hakuna kati yetu aliyelifikiria mara mbili.

Kisha ukaja uchaguzi ule na yaliyoufuata, ambayo sitayasimulia, kwa kuwa mlioyaona hamhitaji na msioyaona mmeshasimuliwa na wenye sauti kuliko yangu. Niseme tu yanayohusu shule. Tulifungua kwa kuchelewa. Madawati yalikuwa mengi kuliko wanafunzi. Familia nyingi za watu waliotoka katikati ya nchi, wakulima na wenye maduka, zilikuwa chini ya mahema katika uwanja wa maonyesho, na hatukujua kama watoto wao tutawaona tena. Mkuu wa shule alikwenda kambini mara kadhaa kuwasihi wazazi wawaachilie angalau watahiniwa. Wa kwanza kukubali kurudi alikuwa msichana huyu aliyenipigia simu. Baba yake alikuwa na duka la misumari na mabati huko Chepsaita, duka ambalo sasa lilikuwa kuta nne na mbingu. Alirudi siku ya Jumatano akiwa na sare ya kuazima na daftari mbili. Sisi tulimtazama, na kule kambini wazazi walimtazama kwa mbali, maana akidumu yeye wengine wangefuata, na akishindwa yeye hakuna ambaye angejaribu. Walimu tulionyana kuhusu siasa: msitaje chama, msitaje mgombea, msimwulize mtoto amelala wapi. Hakuna aliyekumbuka kuonya kuhusu penseli.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mimi nilikuwa nimetumwa stoo kupokea vitabu vya msaada, kwa hiyo Ndoa siku hiyo ilikuwa ya mtu mmoja. Aliwapa darasa grafu ya kuchora, kwa sababu aliamini kwamba mtu mwenye moshi kichwani apewe kitu chenye pembe mraba. Wakachora kimya. Akapita kati ya madawati, mikono nyuma. Alipofika kwa msichana, karatasi ilikuwa imejaa vidoti vinene kupita zote, na mwalimu akainama kama alivyokuwa akiinama kwa miaka yote ile, akasema kwa upole aliokuwa nao siku zote, "Ondoa madoadoa."

Waliokuwepo waliniambia kwamba penseli zote zilisimama. Msichana aliweka penseli chini, akakusanya daftari zake mbili, akatoka, akavuka uwanja, akapita langoni, na mlinzi akadhani ametumwa. Mwalimu alibaki ameinama penye dawati tupu. Inasemekana ilimchukua muda kuelewa alichokisema, na alipoelewa alikaa kwenye kiti cha yule mtoto, mbele ya darasa zima, akafunika uso. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika kambini. Kufikia jioni ilikuwa imeota pembe na mkia: mwalimu wa shule fulani amewaamuru wanafunzi wawaondoe wenzao.

Jumatatu iliyofuata kikaitishwa kikao katika ofisi ya mkuu wa shule. Alikuwepo mkuu mwenyewe, mwenyekiti wa halmashauri ya shule, chifu, wazazi wawili kutoka kambini, na mgeni mmoja aliyevaa koti la mvua, ambaye hakujitambulisha na alikuwa na daftari. Siku zile watu wenye madaftari walikuwa wengi. Ilisemekana kwamba wanaandika majina ya wachochezi na kwamba majina hayo yatakwenda mbali. Mimi niliitwa kwa kuwa ndimi mwalimu mwenza. Mzazi mmoja alifungua kwa kusema kwamba lisemwalo lipo. Mwalimu wa hesabu akaulizwa kama alilitamka neno lile, akajibu kwamba alilitamka. Akaulizwa alimaanisha nini. "Penseli," akasema. Mtu akaguna. Ndani ya chumba kile, na wazazi wale wakiwa wametoka kulala chini ya turubai, jibu hilo lilisikika kama mzaha wa mtu mwenye jeuri, naye hakuwa mtu wa kujua kulirembesha. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Madam, wewe umefundisha na huyu miaka mingi. Ni kawaida yake kusema hivi?"

Oneni swali lilivyokaa. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo: ni kawaida yake, husema kila Alhamisi, amesema tangu nimjue. Lakini ndiyo hiyo peke yake, ikiingia katika daftari la mgeni, ingemmaliza. Ili imsaidie ilihitaji maelezo. Ningelazimika kuzileta grafu za miaka ya nyuma, kuwaonyesha alipoandika neno lile kwa wino mwekundu pembeni mwa vidoti, kwa watoto wa kila kabila wakiwemo wa kwetu, na kulitamka mwenyewe mara tano au sita, mimi mwenyeji, mwenye jina la ukoo ambalo siku zile lilitosha kumfanya mtu atazamwe mara mbili. Grafu zilikuwa kabatini kwangu, hatua chache kutoka mlango ule. Wakati ulikuwepo. Nilimwona mgeni akifungua ukurasa mpya.

"Mimi sikuwa darasani siku hiyo," nikasema.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na kalamu ya mgeni ikapita juu ya karatasi. Nikajitia hamnazo, nikazichunguza kucha zangu kama kwamba ndio kwanza nimepewa. Mwalimu wa hesabu hakunitazama. Aliambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi ukamilike. Uchunguzi haukukamilika kwa kuwa haukuanza, na muhula haujaisha akahamishiwa shule ndogo ya kutwa huko Ainabkoi, ambako alibaki mpaka kustaafu. Barua ya uhamisho haikutaja sababu. Haikuhitaji, kila mtu alijua, na waliojua walijua vibaya.

Msichana alirudi kabla ya majuma mawili kwisha. Mimi nilidhani ni kazi ya mkuu wa shule. Alichagua dawati la mbele kabisa, lililogusana na meza yangu, na tangu hapo akawa ananifuata kama kifaranga: chakula cha mchana karibu nami, maswali kwangu, kadi ya mtihani nimtunzie mimi. Nami, Mungu anisamehe, nilijipa sifa. Nilidhani nina mkono mwema kwa watoto waliojeruhiwa. Wenzake kadhaa walirudi nyuma yake, wakafanya mtihani, na yeye akapita vizuri, hesabu ikiwa ya kwanza. Na kila mwaka msimu wa viazi ulipofika, gunia moja lililoshonwa kwa ustadi lilinijia kutoka Ainabkoi, bila barua. Nilivila viazi hivyo kwa shida. Sikumtembelea kamwe, ingawa si safari ya kuchosha. Tulikutana mara moja tu mjini, nje ya duka la vitabu, akanisalimu kwa sauti ya kugeuza vichwa, akaniuliza kama historia imekwisha au bado. Akaniambia siku hizi darasani anasema "nukta".

"Ni neno la kamusi," akasema. "Ni safi. Lakini halina utamu."

Nilicheka, nikaona hakucheka. Pale ndipo ningesema. Sentensi ilikuwa imeshafika kooni. Nikatazama saa, nikasema nina haraka.

Kipindi cha Alhamisi kilikufa muhula uleule. Mwalimu aliyeletwa badala yake alisema hakusomea historia, nami sikumbembeleza. Siku hizi nawasikia wataalamu wa mtaala mpya wakisema masomo yaunganishwe, nafurahi, halafu papo hapo naona watoto wa miaka kumi na mitano wakitakiwa wachague njia, huyu aende kwenye namba na yule kwenye habari za watu, kama kwamba kuna upande unaoweza kuishi bila mwenzake. Hata leo ukimwuliza mtu wa hapa mjini ni nini kilichotokea mwaka ule, atakujibu kwa neno moja. Siasa. Ukabila. Shetani. Baina ya swali na jibu hilo kuna majirani wenye majina, kuna mitungi ya mafuta iliyobebwa na mikono inayojulikana, kuna vizuizi barabarani vilivyowekwa na watu waliowajua watoto wa wale waliowazuia, na hayo yote tunayaruka. Nami niliyaruka darasani mpaka nilipostaafu: neno moja, alama moja, tusonge mbele. Tumefanya warsha nyingi kuhusu maneno yasiyofaa kusemwa, na ni haki, siwatetei waliochochea. Lakini neno baya likikamatwa hukamatwa pamoja na majirani zake, na hakuna warsha iliyowahi kumwuliza mwalimu mmoja wa hesabu amebaki na nini. Jambo hilo linanikera kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilifika matangani jioni ya tatu. Viti vya kukodi vilikuwa vimejaa uani, akina mama wa kanisa wakiimba, chai ikigawanywa. Mjane, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani, aliinuka, akanishika mkono, akanigeuza niwakabili watu. "Huyu ndiye ule mwalimu nawaambianga," akasema. "Siku walitaka kummaliza mzee, ni huyu alisimama." Mzee mmoja aliacha kikombe chake akaja kunipa mkono. Wengine wakaitikia kwa vichwa, kama watu wanaoijua hadithi. Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa msiba. Nikamvuta msichana wangu mpima mashamba hadi nyuma ya jiko nikamwuliza haya ni mambo gani. Alishangaa kwamba nauliza.

Alinieleza kwamba siku mbili baada ya kikao kile mwalimu wa hesabu alifika kambini, kwa miguu, peke yake, mahali ambapo jina lake lilikuwa likitajwa kwa kutemewa mate. Baba yake msichana alitaka kumpiga, naye mwalimu akasimama tu asubiri kupigwa, mpaka wazee wakaingilia. Alimwomba mtoto msamaha bila kujitetea. Penseli hakuitaja. Kisha akamwomba arudi shuleni, mtoto akakataa, akasema harudi kwa watu wale.

"Akaniambia, 'Kuna mwalimu wa historia, mtu wa hapahapa. Kwa mkutano alisimama akanitetea na hakuogopa mtu. Mimi nitatolewa, lakini yeye anabaki. Wewe rudi, keti karibu na yeye.' Ndio maana nilirudi, Madam. Baba alikubali juu yako."

Mtu yule, ambaye hangekupa alama ya bure hata ungelia damu, alikuwa amemtunga mwanamke jasiri, akampa somo langu na kabila langu, akamweka mezani pangu, ili mtoto apate wa kukaa karibu naye. Na kwa kuwa uongo ukianzishwa hauwezi kubadilishwa njiani, aliurudia hata nyumbani kwake, kwa mkewe, miaka yote. Au labda alihitaji uwe kweli. Labda ilikuwa rahisi zaidi kuishi Ainabkoi akiamini kwamba kuna mmoja aliyesimama. Sitajua. Alinisikia kwa masikio yake siku ile; hakuwa ameelewa vibaya.

Baadaye kidogo wakanipa nafasi ya kuzungumza. Hapakuwa na chifu wala mgeni mwenye daftari, palikuwa na watu wanaokunywa chai. Nikasimama. Nikasimulia habari za Ndoa na alama mbili kati ya ishirini, watu wakacheka vizuri. Nikasema alipenda kazi safi. Nikamwombea pumziko. Mjane akawa wa kwanza kupiga makofi, nami nikaketi. Mara ya pili, katika jambo lilelile, nikiwa na mvi kichwa kizima, sikusema. Wamemzika Jumamosi.

Kwa hiyo nasema hapa, ambapo siwezi kuketi katikati ya sentensi. Mama, sikumtetea mumeo. Niliulizwa, jibu nikalijua, ushahidi ulikuwa kabatini kwangu, nikajificha nyuma ya maneno ambayo kila moja lilikuwa kweli. Kuna kimya kinachofanana sana na uaminifu, kimenyooka, hakuna wa kukipinga, na hicho ndicho cha kuogopwa. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba ukikataa kubeba ukweli wa mtu, ukweli huo hauanguki chini. Hubebwa na mwingine, na mara nyingi ni yuleyule ambaye mabega yake yameshalemewa. Walimu vijana mnaonisoma, siku mtakapoulizwa kuhusu mwenzenu, msijibu mlikuwa wapi. Jibuni mnachokijua.

Na wewe, msichana wangu, mwaka mzima ulikaa karibu na mtu ambaye hakuwepo. Aliyekurudisha ni yeye, aliyekulinda ni yeye, na alifanya hivyo akiwa na jina lililochafuka, akanipa mimi lililo safi. Sasa umejua. Tukikutana mjini ukaamua kupita bila kunisalimu, nitaelewa.